Uzamili, cheti kifupi au nibaki hapa nilipo? Jibu kwa mwalimu wa Kifaransa

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kifaransa sekondari, nina shahada ya kwanza ya ualimu na huu ni mwaka wangu wa tisa darasani. Naona nimesimama mahali pamoja. Kila mwaka nahudhuria semina moja au mbili, nasaini karatasi ya mahudhurio, narudi shuleni na hakuna kinachobadilika. Wapo wanaonishauri nisome uzamili, wengine wanasema vyeti vifupi vya mtandaoni vinatosha. Mwalimu wa lugha ya kigeni ana njia gani za kupanda mbali na kuwa mkuu wa shule? Na je, hizi programu za tafsiri hazitatuondoa kazini?

Jibu: Marahaba, mwalimu. La uzamili na vyeti nitalijibu, ila kwanza na mimi nikuulize. Mara ya mwisho mtu anayeijua kazi hii kukaa nyuma ya darasa lako, akatazama kipindi kizima, kisha mkakaa wawili mkakijadili, ilikuwa lini? Walimu wengi wa lugha wakijibu kwa ukweli watasema ilikuwa wakati wa mazoezi ya kufundisha, enzi za chuo. Tangu hapo wanafundisha bila kuonwa. Semina zako hazibadilishi kitu kwa sababu hakuna aliyekuja kuona kinachotakiwa kubadilika.

Kwa hiyo mafunzo yoyote unayofikiria kuyalipia yapime kwa swali hilohilo: kuna mtu atakayeniona nikifundisha na kuniandikia maoni? Ukiuliza hivyo, vyeti vinajichuja vyenyewe. Chukua CELTA ya walimu wa Kiingereza, inayotolewa na Cambridge. Ina saa 120 hivi za mafunzo, na ndani yake mwalimu mwanafunzi hufundisha wanafunzi halisi kwa saa 6 huku akitazamwa na kupimwa. Mtandaoni utakuta vyeti vingi vinavyojitangaza kwa saa 120 hizohizo, lakini mwenye cheti hajawahi kusimama mbele ya mwanafunzi hata mmoja. Mwajiri anayeijua fani anaiona tofauti hiyo mara moja. Kwa Kijerumani, Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani ya lugha na utamaduni, ina mfululizo wa mafunzo uitwao Deutsch Lehren Lernen, ambao humtaka mwalimu afanye uchunguzi mdogo ndani ya darasa lake mwenyewe na kueleza alichokiona. Naupenda sana utaratibu huo kwa sababu unakuacha kazini kwako. Kwa Kifaransa ipo DAEFLE, hati ya kufundisha Kifaransa kama lugha ya kigeni, inayoendeshwa kwa pamoja na Alliance française ya Paris na CNED, kituo cha taifa cha Ufaransa cha elimu ya masafa, nayo husomwa kwa masafa. Kabla ya kujiandikisha waulize sehemu ya vitendo inafanyikaje na nani atakusimamia.

Uzamili una mahali pake. Ukitaka kufundisha chuo kikuu, kufanya utafiti au kuingia kwenye uandaaji wa mitaala, hutaukwepa. Angalia tu ni uzamili wa nini. Shahada ya fasihi ya Kifaransa itakufanya msomi wa fasihi, na hilo ni jema kama ndilo unalolitaka. Kwa haja uliyonieleza, tafuta uzamili wa ufundishaji wa lugha, kisha uisome orodha ya kozi zake: je, kuna upimaji, kuna uandaaji wa vifaa na mitaala, kuna elimu ya namna mtu anavyojifunza lugha ya pili? Visipokuwamo, usiichukue kwa sababu tu ni uzamili.

Wakati unaamua, anza na jambo lisilohitaji ada wala ruhusa ya mtu: rekodi kipindi chako. Weka simu mezani, irekodi sauti tu, kisha baadaye chagua dakika 5 uziandike neno kwa neno. Kazi hiyo inachosha, na ndiyo yenye faida. Hesabu ulichosema wewe na walichosema wao. Halafu tazama kinachotokea baada ya kila swali ulilouliza. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alilichunguza jambo hili katika masomo ya sayansi miaka ya 1970, akakuta mwalimu husubiri jibu kwa sekunde 1 hivi kisha anajijibu mwenyewe au anamrukia mwanafunzi mwingine. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi walijitokeza kusema. Hao walikuwa wakijibu kwa lugha wanayoijua. Wako anatakiwa aelewe swali la Kifaransa, atafute wazo, atafute kitenzi, akinyambue, ndipo afungue mdomo. Mpe hizo sekunde. Nimeona darasa lililosemekana halina wanafunzi wanaopenda kuzungumza likibadilika kwa jambo hili peke yake.

Lipo pia lile ambalo walimu wa lugha hulisema kwa kunong'ona: lugha yetu wenyewe inashuka. Anayefundisha wanaoanza kwa miaka mingi huishia kuzungumza Kifaransa cha kitabu cha mwaka wa kwanza. Hakuna aibu hapo, ila kuna dawa. Jipangie mtihani wa DALF C1, wa Kifaransa cha ngazi ya juu. Unapimwa kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na hati za DALF na za DELF, mwenzake wa ngazi za chini, hazina mwisho wa matumizi, tofauti na TCF, mtihani mwingine wa Kifaransa ambao matokeo yake hudumu miaka 2. Hati hiyo itakufungulia mlango ninaotaka kuuzungumzia kwa kirefu, kwa sababu watu wengi wanaupita bila kuuona.

Mlango wenyewe ni utahini. Mitihani ya lugha ya kimataifa, kuanzia DELF ya Kifaransa na DELE ya Kihispania hadi ile ya Goethe-Institut, inahitaji watahini waliofundishwa kwa ajili hiyo, na wengi wao ni walimu wa darasani kama wewe. Mafunzo yenyewe ni mafupi kuliko shahada yoyote, lakini sijaona kitu kinachomkomaza mwalimu wa lugha haraka kama hicho.

Nikupe picha. Mnakaa chumbani walimu kadhaa, mnasikilizishwa mtahiniwa wa DELF B1, yaani ngazi ya kati, sehemu ya kuzungumza. Mtihani huo una hatua tatu: anajieleza, anaigiza mazungumzo na mtahini kutatua jambo fulani, kisha anatoa maoni yake kuhusu matini fupi aliyopewa dakika 10 kujiandaa. Jumla ni kama robo saa, alama ni 25. Kila mmoja anaandika alama zake kimyakimya, kisha zinasomwa kwa sauti. Hapo ndipo mshtuko huja: huyu kampa 12, yule 19, na wote wamemsikia mtu mmoja. Mtahiniwa amesema *il faut que je vais*. Mwalimu wa darasani ndani yako anashika kalamu nyekundu, maana ilitakiwa kuwa *que j'aille*. Mkufunzi anakurudisha kwenye maelezo ya ngazi: mtu wa B1 hukosea, ila anachotaka kusema kinaeleweka. Je, alieleweka? Alieleweka. Alipokwama alitafuta njia nyingine ya kusema? Alitafuta. Alimjibu mtahini au alikariri tu aliyoyaandaa? Mnajadiliana mpaka alama zenu zinasogeleana, na kila anayetofautiana anatakiwa aeleze amesikia nini hasa kilichomfanya atoe alama ile.

Ukitoka humo, Jumatatu huwezi tena kusahihisha kama zamani. Utajikuta unauliza wanafunzi wako wanaweza *kufanya* nini kwa Kifaransa kabla ya kuuliza wamekosea wapi, na maandalio yako ya somo yatabadilika bila kuagizwa na mtu. Ngazi zenyewe, A1 hadi C2, zinatoka kwenye mfumo uliochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001 na kupanuliwa katika toleo la 2020. Usome wote. Walimu wengi wanaijua ile jedwali ya ukurasa mmoja tu, na hazina iko kwenye kurasa zinazofuata.

Utahini unaanzia kwenye kituo cha mitihani. Nenda ukaulize masharti yao na lini watafundisha watahini wapya. Ukishathibitishwa utaitwa kila msimu wa mitihani, na malipo yake ni ya ziada juu ya mshahara. Kubwa zaidi ni watu utakaofanya nao kazi. Vituo vya lugha vikitafuta mwalimu wa jioni, mratibu wa kozi, mwandishi wa maswali ya mtihani au mkufunzi wa walimu, humtazama kwanza mtu ambaye tayari wameona anavyofanya kazi. Wakufunzi wengi wa walimu ninaowafahamu walipitia njia hii.

Chama cha walimu nacho ni muhimu kwa sababu hiyohiyo. Wa Kifaransa mna FIPF, shirikisho la kimataifa lililoundwa mwaka 1969, na vyama vya nchi mbalimbali ndivyo wanachama wake. Wa Kiingereza wana TESOL International Association ya 1966 na IATEFL ya 1967. Usijiunge ukaishia kupokea barua pepe. Omba kutoa wasilisho la dakika 20 kuhusu kitu kimoja ulichokijaribu darasani, hata hizo sekunde 3. Mtu anayekuajiri kesho mara nyingi alikusikia jana mahali kama hapo.

Kuna lugha ya pili ya kigeni ambayo huenda hujaifikiria: Kiswahili. Kwako si ya kigeni, kwa wengine ni ya kigeni. Kinafundishwa katika vyuo vikuu vya nchi nyingi, na UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mpango wa Fulbright FLTA wa Marekani huwachukua walimu walio mwanzoni mwa kazi, wakafundisha lugha yao katika vyuo vya huko kwa mwaka mmoja wa masomo huku na wao wakisoma kozi kadhaa, Kiswahili kimo. Wewe una miaka tisa tayari, hivyo soma masharti ya mwaka husika kabla ya kujipa matumaini. Wapo pia wanaojifunza Kiswahili mtandaoni, na huko mwalimu wa Kifaransa ana faida kubwa. Mzawa asiye na mafunzo humwekea mgeni jedwali la ngeli zote siku ya kwanza, mgeni anakimbia. Wewe umeshafundisha jinsia za nomino za Kifaransa, unajua kwamba mtu hujifunza *mtoto mzuri, watoto wazuri* ndani ya sentensi anazozihitaji, na jedwali huja baadaye kumpangia alichokwisha kukijua.

Kuhusu programu za tafsiri na akili mnemba, hofu yako ina msingi. Kazi ya nyumbani ya aina ya "tafsiri aya hii" imekwisha, na kozi zinazouza tafsiri na sarufi peke yake zitapoteza wanafunzi. Lakini tazama lile toleo la 2020 nililolitaja lilivyokipa nafasi kubwa kitu kinachoitwa upatanishi: kumweleza mtu mmoja alichokusudia mwingine, kufupisha maelezo magumu kwa asiyeyaelewa, kutuliza mazungumzo yanayoharibika. Muuguzi aliye na mgonjwa anayezungumza Kifaransa anahitaji hilo, mtu wa hoteli analihitaji, na wanaofanya kazi na wakimbizi wanalihitaji kuliko wote. Kifaransa cha kazi mahususi kina mitihani yake pia, kama ile ya Diplôme de français professionnel inayotolewa na chemba ya biashara na viwanda ya Paris. Mwalimu anayeweza kwenda kwenye sehemu ya kazi, akasikiliza watu wanasemezana nini, akarudi na kozi ya majuma machache, hatakosa kazi. Ukinitaka nikuchagulie eneo moja la kubobea, ningekuchagulia hili.

Yote haya yaweke kwenye maandishi. Ipo jedwali iitwayo European Profiling Grid, inayopanga ujuzi wa mwalimu wa lugha katika hatua 6, kutoka 1.1 hadi 3.2, kwa mambo kama upimaji, uandaaji wa masomo na matumizi ya teknolojia. Ijaze kwa unyoofu. Utagundua uko juu katika mambo fulani na chini kabisa katika mengine, na huo ndio mpango wako wa miaka miwili ijayo. Kisha kwenye faili moja weka maandalio mawili ya somo, kazi ya mwanafunzi mmoja ya mwanzo wa mwaka na ya mwisho (bila jina lake), na maoni ya aliyekutazama ukifundisha. Wasifu unaosema "mbinifu na mwenye ari" kila mtu anao.

Na huyo wa kukutazama utampata wapi, kama wewe ndiye mwalimu pekee wa Kifaransa shuleni? Mwombe wa Kiingereza au wa Kiarabu. Asiyejua Kifaransa anaona mengi ambayo anayekijua hayaoni, kwa kuwa hana cha kufuatilia ila watu. Usimwambie aje "kukukagua", atakuja na uso wa mkaguzi. Mpe karatasi yenye mchoro wa viti vya darasa na umwombe jambo moja tu: kila mwanafunzi anaposema kitu kwa Kifaransa, atie alama kwenye kiti chake. Kipindi kikiisha chukueni dakika 10 mtazame karatasi pamoja, mhesabu viti visivyo na alama hata moja. Wiki inayofuata nenda wewe kwake.