Kiswahili Nilichokificha Ukweni

Mmeuliza wiki hii: "Ni ukweli gani uliousema ukabadilisha maisha yako ya kila siku?" Wangu ni huu: najua Kiswahili.

Msicheke. Wa Tanga au Mombasa hawezi kuelewa mtu anafichaje lugha. Mimi nimezaliwa Nsambya, hapa Kampala, kwenye nyumba za reli. Baba zetu walitoka Tororo, Gulu, Kisumu, na kwa Kiswahili ndiko walikokutana. Nje ya ua ule kilikuwa lugha ya askari na wezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanajeshi walikuwa wakizingira mtaa alfajiri na amri ni moja: "Panda gari!" Hata misako yenyewe watu wakaiita panda gari. Mama alituonya: mkitoka hapa, Kiganda tu. Nikaolewa Masaka na onyo hilo kichwani. Kwa miaka 22 mume wangu aliamini Kiswahili nakisikia redioni kama yeye.

Aliyenifichua ni binti yetu. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima shule za msingi na sekondari, na shuleni kwao wakaanza. Jioni moja anahangaika na daftari, mimi nakaanga vitunguu, swali likanitoka na jibu lake. Akaandika nilivyomtajia: "Kitabu yangu iko mezani." Kesho yake akarudi na kosa la wino mwekundu. Kumbe ni "kitabu changu kiko mezani". Miaka yote hiyo naficha kitu ambacho hata sikijui vizuri! Kile chetu cha reli hakikuwa na habari na ngeli.

Mume wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaniuliza, taratibu, kama kuna lingine nililoficha. Nikasema hakuna. (Hilo nalo tuliache.)

Kwa mama mkwe haikuwa kicheko. Alikuja kututembelea akatukuta tunasoma kwa sauti, akageuka, akaenda kukaa nje. Usiku akanihesabia kwa vidole Kiswahili chake chote: panda gari, lala chini, toa pesa. Mdogo wake alipandishwa lori mwaka 1983 na hakurudi. Muda wote niliokuwa nimeolewa kwao, hakuna aliyewahi kunitajia kwamba alikuwa na ndugu huyo. Nilijiona mimi peke yangu ndiye mficha mambo katika ukoo ule.

Sikumwambia kwamba lugha haina kosa. Ningeanzia wapi? Akija, daftari tulikuwa tunalifunga.

Mwezi uliopita aliketi nasi jikoni akimenya matoke. Mtoto, bila kuambiwa na mtu, akasoma alichokuwa akiandika: "Bibi anamenya ndizi." Jajja, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kiganda, akauliza maana yake. Akaelezwa. Akachukua ndizi nyingine.

Msomaji, Kampala