Wakala wa akili unde anachanganya kilo na gunia: maelezo ya zana yaandikweje?

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Natengeneza programu hapa Kirumba, Mwanza. Nina mfumo wa wafanyabiashara wa samaki na dagaa pale Mwaloni: wanauliza bei na kuweka oda kwa kuchati, na wakala wa akili unde ndiye anayeita zana zangu, yaani vipande vya programu vya kutafuta bei na kuandika oda. Nyaraka nimeandika kurasa kwa kurasa, lakini wakala bado anachanganya kilo na gunia, anaita zana isiyohusika, na mara nyingine oda moja inaingia mara mbili. Niongeze nyaraka au nibadilishe modeli ya akili unde inayomwendesha? (Msomaji, Kirumba)

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Modeli iache kwanza. Kurasa zako huenda wakala hazioni kabisa. Kwa itifaki ya MCP, yaani utaratibu wa kuunganisha wakala na zana ambao kampuni ya akili unde ya Anthropic iliutoa Novemba 2024, zana humfikia wakala kwa jina lake, maelezo yake na muundo wa vigezo vyake, yaani nafasi ambazo wakala hujaza anapoiita. Hapo ndipo pa kuandika. Ulichokiacha nje atakikisia, tena bila kusita.

Anza na vipimo, maana hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea. Kigezo kinachoitwa "kiasi" hakisemi kitu. Mteja akiandika "nataka ishirini", ni kilo ishirini za sangara au gunia ishirini za dagaa? Weka kigezo cha pili, "kipimo", chenye thamani chache zinazoruhusiwa: kilo, ndoo, gunia. Chini yake andika: "Kama mteja hakutaja kipimo, muulize. Usikisie." Na kama gunia linapaswa kugeuzwa kilo, hesabu hiyo ifanywe na mfumo wako, kamwe asiachiwe wakala.

Saa nazo zina mtego wake kwetu. Mteja wa Nansio akisema mzigo uwe tayari saa mbili asubuhi, anamaanisha 08:00. Kigezo kisicho na maelezo kinaweza kujazwa 02:00, na hakuna atakayegundua mpaka mzigo uchelewe au uharibike. Andika waziwazi kwamba muda ni wa saa 24, kwa saa za Afrika Mashariki, na utoe mfano: "saa kumi jioni ni 16:00". Tarehe ianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kwa sababu 3/4 kwetu ni Aprili 3 na kwa Wamarekani ni Machi 4.

Kuhusu kuchagua zana: nadhani una zana mbili au tatu zenye majina yanayofanana, kama pata_bei na bei_mpya. Zikifanya kazi moja, ziunganishe. Zikitofautiana, kila moja iseme inatumika lini na haitumiki lini. Sehemu hiyo ya pili watu wengi huiruka, nami naiona ndiyo yenye thamani kuliko zote: "Zana hii hutoa bei ya leo tu. Kwa bei za siku zilizopita tumia historia_ya_bei." Sentensi mbili, utata umekwisha.

Eleza pia kinachorudi. Bei ya dagaa bila tarehe ni hatari. Unajua mwenyewe kwamba wavuvi wa dagaa hutegemea taa na giza. Mbalamwezi ikiwaka mzigo hupungua na bei hubadilika. Jibu la zana libebe bei, sarafu, kipimo na tarehe ya bei hiyo, na maelezo yamwambie wakala amtajie mteja tarehe.

Ujumbe wa kosa nao ni nyaraka. "Hitilafu 400" haimsaidii wakala. "Kipimo 'ndoo' hakikubaliki kwa sangara, tumia 'kilo'" unamwezesha kujirekebisha palepale.

Oda kuingia mara mbili ni jambo zito zaidi, na hapo maelezo peke yake hayatoshi. Mtandao ukikatika kabla jibu halijafika, wakala hutuma upya kwa nia njema. Kila oda iwe na namba ya ombi, na seva ikiiona namba ileile ikatae kuandika oda mpya, irudishe ile ya kwanza. Kisha ndipo uandike: "Ukikosa jibu, rudia kwa namba ileile, usitengeneze nyingine." Malipo yasubiri mteja mwenyewe athibitishe, na kizuizi hicho kiwe ndani ya mfumo, kwa kuwa wakala anaweza kuruka agizo lililoandikwa.

Ukimaliza, kusanya maombi halisi ya wateja yakiwa na lugha yao ya sokoni, ukifuta majina na namba za simu. Mpe wakala moja moja, uangalie ameita zana gani na amejaza nini. Kila anapokosea, soma maelezo yako kabla ya kumlaumu, rekebisha sentensi moja, kisha rudia maombi yote, kwa kuwa kurekebisha zana moja huweza kuvuruga nyingine. Akiendelea kukosea hata pale maelezo yanapokuwa wazi kwa binadamu asiyeujua mfumo wako, hapo jaribu modeli nyingine kwa maombi yaleyale.