Mtoto Asiyesema Anajipiga Kichwa: Anza na Meno na Masikio

SWALI: Assalamu aleikum daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka tisa, ana usonji na hasemi neno lolote. Tangu miezi mitatu iliyopita anajipiga kwa kiganja upande wa kulia wa uso na kichwa, hasa usiku, na anajing'ata mkono mpaka umefanya sugu. Yeye amemng'ata mdogo wake wa kike wa miaka minne mara kadhaa, na amemkwaruza bibi yake uso. Hata kula kumekuwa taabu, mahamri aliyoyapenda sana hayataki, ni uji na ndizi tu. Dawa ya maji ya kumlaza niliyouziwa dukani haifanyi kazi tena. Jirani ameniuzia matone ya kutoa sumu mwilini, nimempa siku mbili. Naomba unieleze kipimo sahihi cha dawa ya kumtuliza, na kama inafaa kumfunga mikono kwa leso anapolala. Mama, Kisauni.

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Mikono usimfunge, na kipimo cha dawa sitakuandikia hapa. Sababu za yote mawili nitazieleza. Kwanza nakuomba uisome tena barua yako mwenyewe, kwa kuwa kuna mambo matatu uliyoyataja kwa kupita tu, na hayo ndiyo yaliyonishtua kuliko mengine: anajipiga upande mmoja, anajipiga zaidi usiku, na ameacha mahamri akahamia uji na ndizi. Mtoto wa miaka tisa anayesema angekwishakwambia siku ya kwanza kwamba gego linamwanga au sikio linamuuma. Wako hana njia hiyo, na kiganja ndicho alicho nacho.

Kauli ninayoisikia kila wiki, na ambayo imenichosha kuliko zote, ni hii: "Ni huo usonji wake." Wanaisema majirani, wanaisema walimu na, kwa aibu ya taaluma yangu, wanaisema hata matabibu, ambao wakishaliona neno usonji kwenye faili hawahangaiki tena kumfungua mtoto kinywa. Usonji mwanao amekuwa nao tangu utotoni. Kujipiga kumeanza miezi mitatu iliyopita. Jambo la miaka yote haliwezi peke yake kueleza jambo la juzi. Kila mtoto asiyesema anapoanza ghafla kujidhuru, au anapozidisha mazoea aliyokuwa nayo, mimi huchukulia kwamba ana maumivu hadi nihakikishe kwamba hana, na ningependa kila anayevaa koti jeupe katika kaunti hii afanye hivyo hivyo.

Kauli hiyo ina pacha wake, nayo ni ile ya kwamba mtoto wa aina hii "hahisi maumivu", kwa kuwa anajipiga bila kulia. Si kweli. Wapo wanaoonyesha maumivu kwa namna tusiyoizoea, kwa kucheka bila sababu, kwa kukimbia huku na huku, kwa kugoma kula au kwa kulala juu ya meza wakibonyeza tumbo, lakini kutolia hakumaanishi kutoumwa. Mtu mzima mwenye jino bovu hujibonyeza shavu usiku kucha, kwa kuwa mgandamizo huo humpunguzia ukali wa maumivu kwa dakika chache, na hakuna anayesema amerukwa na akili.

Kwa mwanao ningeanza na kinywa. Subiri anapokuwa na usingizi mwepesi, mlaze kichwa pajani mwako, vuta shavu la kulia kwa nje kwa kidole kimoja huku mtu mwingine akimulika kwa tochi ya simu, wala usiingize kidole katikati ya meno yake. Angalia magego ya nyuma kabisa. Magego yale hutoka karibu na umri wa miaka sita, tena hutoka nyuma ya meno ya utotoni bila kung'oa jino lolote, na kwa hiyo wazazi wengi huyadhani ni ya utoto, huyaacha yaoze, kumbe ndiyo ya maisha. Ukiona tundu jeusi, au ufizi umetuna kijipu kidogo chenye kichwa cheupe, au ukisikia harufu mbaya isiyoondoka hata akisukutua, umekwishapata sehemu kubwa ya jibu. Usipoona kitu bado haitoshi, kwa sababu jino linaweza kuoza katikati ambako macho hayafiki, na sikio la upande huo huo linaweza kuwa na usaha, nta iliyoganda au hata punje ya mahindi aliyoitia mwenyewe.

Tumbo nalo lisisahauliwe. Mtoto anayeishi kwa vyakula viwili vitatu laini hufunga choo kwa urahisi, na kufunga choo kwa muda mrefu kunaweza kumfanya mtoto mpole awe mkali. Hapa kuna mtego: choo kigumu kinapokwama, majimaji hupenya pembeni yake na kuchafua nguo ya ndani, na mzazi akadhani mtoto anaharisha, akampa dawa ya kufunga choo ambacho tayari kimefunga. Mengine nitayapitia haraka, si kwa kuwa ni madogo bali kwa kuwa daktari atakayemwona anapaswa kuyakumbuka: kiungulia, maambukizi ya njia ya mkojo, kifafa, viatu vinavyobana, na kwa wasichana waliovunja ungo, maumivu ya hedhi.

Ukifika hospitali usiseme "mwanangu ana usonji na ni mkali". Sema: "Mwanangu hawezi kusema, na kwa miezi mitatu ana dalili za maumivu upande wa kulia wa uso, na ameacha kutafuna." Ni mtoto yule yule, lakini sentensi ya pili humpeleka kwenye kiti cha daktari wa meno, ilhali ya kwanza humrudisha nyumbani na chupa ya dawa ya usingizi. Akikataa kukaguliwa, kama wengi wanavyokataa, uliza kuhusu kukaguliwa na kutibiwa meno chini ya nusukaputi katika hospitali ya rufaa, kwa Mombasa ikiwa ni Hospitali Kuu ya Pwani. Kumshika mtoto kwa nguvu na watu wanne ili ang'olewe jino moja ni kumfundisha kuwang'ata wote watakaovaa glovu mbele yake siku zijazo.

Sasa, huenda maumivu yakatibiwa na sehemu ya tabia ikabaki, kwa sababu katika miezi mitatu mtoto amejifunza kwamba kujipiga kunaleta matokeo. Chukua daftari, na kwa wiki mbili andika kila tukio: saa ngapi, mlikuwa wapi, nini kilitangulia na nini kilifuata. Usiandike "alikasirika", andika kama shahidi. Kwa mfano: "Saa kumi na moja jioni, sebuleni, mdogo wake alianza kulia, yeye akaziba masikio, akamng'ata mdogo wake, bibi akamtoa mdogo nje." Au: "Saa mbili asubuhi, aliambiwa avae sare, akajipiga, tukamwacha akalala, bibi akampa ubuyu anyamaze." Kurasa chache za namna hiyo hunieleza mengi kuliko saa nzima ya mazungumzo. Katika tukio la kwanza alichokipata ni kuondokewa na kelele. Katika la pili alipata mambo mawili kwa pigo moja: alikwepa sare, na akalipwa ubuyu, ambao pia ndio unaomla meno.

Kama bibi hufanya hivyo, simlaumu. Hakuna mtu anayeweza kukaa kimya akimtazama mjukuu wake akijipiga. Ila malipo hayo yanapaswa kuhamishwa kutoka kwenye pigo kwenda kwenye njia nyingine ya kuomba kitu kile kile. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani, Edward Carr na Mark Durand, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watoto waliofundishwa kuomba msaada au kuangaliwa, kulingana na kile hasa walichokuwa wakikitafuta, walipunguza vurugu, na walipofundishwa maneno yasiyohusiana na haja yao hazikupungua. Watoto wale walikuwa wakisema, lakini mbinu hiyo imetumika tangu wakati huo kwa picha na kwa ishara za mkono. Kwa mwanao itakuwa kadi ngumu yenye picha ya kiganja kilichonyooshwa, maana yake "imetosha", inayoning'inizwa mahali anapofikia mwenyewe. Mfundishe akiwa ametulia, mkono wako ukiuongoza mkono wake kuigusa, na kila anapoigusa kelele ikome au sare iwekwe kando kwa dakika mbili, papo hapo, bila mjadala. Kadi isipomhudumia haraka kuliko kiganja, ataendelea kutumia kiganja. Na wanaokwambia kwamba picha zitamfanya mvivu wa kusema wanakosea. Tafiti hazijaonyesha kwamba picha huzuia usemi.

Tarajia pia kwamba siku za kwanza mambo yatazidi kuwa mabaya, kwa sababu mtoto akikosa alichozoea huongeza juhudi kabla ya kukata tamaa. Bibi akivumilia mara mbili, ya tatu akampa ubuyu, amemfundisha ajipige mara tatu. Lakini kutompa ubuyu si kumwacha ajiumize. Tia mto au mkono wako kati ya kiganja na kichwa, bila kusema, bila kumkodolea macho, ondoa watu na kelele, zima televisheni. Kama lazima azuiwe, mshike kutoka ubavuni, kwa muda mfupi. Asilazwe kifudifudi wala asikaliwe kifua au mgongo, maana hivyo ndivyo watoto wanavyokosa pumzi. Leso mikononi usiku nayo ni ya hatari: inaweza kukaza na kuzuia damu, inamnyima kujikinga akianguka, na maumivu yanabaki palepale. Kwa sasa usiwaache yeye na mdogo wake peke yao chumbani. Jeraha la meno lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, na likivunja ngozi lionwe na daktari, kwa kuwa kinywa cha binadamu ni kichafu. Akitapika mfululizo baada ya kujipiga, akisinzia isivyo kawaida, akipata degedege, au ukiona haoni vizuri kwa jicho moja, usingoje asubuhi. Mapigo ya kurudiarudia karibu na jicho yanaweza kubandua pazia la ndani la jicho na kumpofusha.

Kuhusu dawa. Zipo mbili zilizoidhinishwa Marekani kwa hasira kali na kujidhuru kwa watoto wenye usonji: risperidoni mwaka 2006 na aripiprazoli mwaka 2009. Zinawasaidia baadhi ya watoto, nami huziandika, lakini haziponyi usonji wala hazing'oi jino. Huleta usingizi na njaa, zinaweza kumnenepesha mtoto kwa kasi, na wengine hupata mitetemeko au kukakamaa kwa misuli. Kwa hiyo huanzwa kwa kiasi kidogo, kwa uzito wa mtoto, baada ya uchunguzi, na uzito na sukari hupimwa kila baada ya muda. Ndiyo maana sikuandikii kipimo. Dawa ya maji uliyouziwa, kama ni ile ya mafua na mzio ambayo watu huitumia kulazia watoto, si tiba ya jambo hili. Mwili huizoea, na baadhi ya watoto huwachangamsha badala ya kuwalaza.

Na sasa matone. Biashara hii imeenea mno Pwani, na inanikera kwa sababu wauzaji wake hawaulizi hata swali moja kuhusu mtoto. Hawaulizi anajipiga wapi, saa ngapi, anakula nini. Wanasikia usonji, wanataja bei. Sina ugomvi na dua, wala na kombe la zafarani linalomtuliza mama na kumpa subira. Ugomvi wangu ni na anayemchapa mtoto akidai anamtoa pepo, anayemkata kimeo au kinyama kilicho chini ya ulimi ili "aseme", na anayekataza mtoto asipelekwe hospitali wakati wa dozi yake. Kundi la "kutoa sumu" ndilo la hatari zaidi, kwa kuwa linavaa mavazi ya sayansi. Hofu ya kwamba chanjo huleta usonji ilichochewa kwa kiasi kikubwa na makala ya daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, ya mwaka 1998, ambayo jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Mwaka 2005, huko Pennsylvania, mvulana wa miaka mitano mwenye usonji alifariki baada ya kudungwa dawa ya kutoa metali mwilini: kalsiamu ya damu ilishuka na moyo ukasimama. Yapo pia matone ya klorini dioksidi, ambayo ni kemikali kali ya kung'arishia vitambaa viwandani, yanayonyweshwa watoto au kupitishwa njia ya haja kubwa. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2010 na tena 2019. Vipande vinavyotoka chooni, ambavyo wauzaji huviita minyoo iliyokufa, vinaweza kuwa ute na ngozi ya utumbo uliounguzwa.

Kwa hiyo mama, matone hayo yaache leo. Usiyamwage wala usimrudishie jirani: funga chupa vizuri, iweke juu asikoifikia mtoto, uibebe kesho kwenda hospitali pamoja na daftari, hata kama lina ukurasa mmoja. Akiwa anatapika, anaharisha damu, midomo imebadilika rangi au anapumua kwa shida, usingoje kesho; mpeleke usiku huu, na chupa umkabidhi daktari wa zamu mkononi.