Rehema, amua umeingia leba kama nani

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama unaweza kubaki na leseni yako ya uuguzi na ukunga, na siku usizo na zamu ukalipwa kumsindikiza mama mmoja tangu uchungu unapoanza mpaka mtoto anyonye, kazi ambayo wenzako huko Dar es Salaam wanaiita udula. Ndiyo, fanya. Ila kabla hujapokea pesa ya mtu, amua siku hiyo umeingia leba kama nani.

Haja ipo, wala haina ubishi. Unaijua zamu ya usiku: wakunga wawili, vitanda vimejaa, huyu anasukuma, yule anatoka damu. Ambaye njia yake ya uzazi imefunguka sentimita nne tu anabaki anaukumbatia ukuta, na mkunga anayemhurumia hana nafasi ya kukaa naye. Mwaka 2017 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, walikusanya majaribio 26 ya wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17. Waliokuwa na mtu wa kukaa nao muda wote walijifungua kwa njia ya kawaida zaidi kuliko wenzao, upasuaji ukapungua, na uchungu ukawa mfupi kwa dakika 40 hivi. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila mama awe na msindikizaji anayemtaka mwenyewe.

Na wewe unaingia na ujuzi. Mama akilia kiuno tu, kila uchungu ukija anashika mgongo kwa chini, unajua huenda kisogo cha mtoto kimeelekea mgongoni kwa mama. Mpigishe magoti, ainamie mito, kisha weka kiganja chako pale chini kabisa ya mgongo, juu kidogo ya mfereji wa makalio, ukandamize kwa uzito wa mwili wako tangu uchungu unapopanda mpaka utulie. Usimpapase, kandamiza. Mikono itakuuma kesho yake, lakini utaona uso wake unavyolegea.

Sasa kwa kuwa wanajua wewe ni nesi, ndugu watakuomba umpime njia. Mume atakuuliza mapigo ya mtoto yakoje. Usipime. Dripu usiiguse, na fetoskopu, kile kifaa cha kusikilizia mapigo ya mtoto, iache nyumbani. Faili na patografu, ile chati ya maendeleo ya uchungu, viko kwa mkunga wa zamu, na vipimo vyako vya pembeni vitamchanganya mama na kumchanganya yeye. Likitokea la kutokea, Baraza la Uuguzi na Ukunga halitakujadili kama dula, litakujadili kama mwenye leseni.

Macho yako lakini huwezi kuyavua. Khanga ikilowa damu isivyo kawaida, au mama akisema kichwa kinampasuka na anaona giza, mwite mkunga wa zamu hapohapo, kwa sauti, umwambie ulichokiona. Ikiwa damu inamwagika na hakuna aliyefika, okoa maisha kama ulivyofundishwa, mengine yatazungumzwa baadaye. Na atakayekwambia umzalishe nyumbani kwa sababu wewe ni nesi, mkatalie siku hiyohiyo.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote: usichukue mteja katika hospitali unayofanyia kazi, hata akiwa rafiki yako. Watu wetu wameshazoea kudaiwa chochote wodini. Mama wa kitanda cha pili akikuona umekaa na mmoja tu, na asubuhi akasikia umelipwa, ataamini kwamba huruma ya wauguzi inanunuliwa, na wenzako wote watachafuka kwa ajili yako. Mwombe mwajiri wako ruhusa kwa maandishi. Hospitali anayokwenda mama nayo uiulize mapema kama wanaruhusu mtu wa pili leba; pasipo na mapazia wengi hukataa, na wana haki, kwa sitara ya wengine.

Makubaliano na mteja yaandike: utakachofanya, usichofanya, malipo, na nani ataingia badala yako ukiitwa kazini. Nitumie rasimu kabla hujamwonyesha mtu, niisome na nitie kalamu yangu.

Baba yako anakusalimu sana.

Mama yako