Maswali na majibu: ABS, CBS na woga wa breki ya mbele

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya breki. Ukiacha tofauti za pikipiki na za umri wa waulizaji, mengi yanarudi palepale: watu wanaogopa breki ya mbele, na wanataka kujua kama hizi herufi zilizobandikwa kwenye pikipiki za siku hizi zimekuja kuuondoa woga huo: ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasifunge unapobana breki, na CBS, breki za mbele na za nyuma zilizounganishwa. Nimeyafupisha kidogo.

Kaka, nilifundishwa nisiguse kabisa breki ya mbele nikiwa kwenye kasi, kwamba itanirusha. Sasa nimepata pikipiki yenye ABS. Je, hiyo ndiyo ruhusa ya kuitumia?

Ruhusa ulikuwa nayo tangu mwanzo. Aliyekufundisha alikuonya juu ya hatari ya kweli, kisha akakupa dawa isiyo yake. Unapofunga breki, uzito wako na wa pikipiki unahamia mbele. Tairi la mbele linakandamizwa na kuishika barabara vizuri zaidi, la nyuma linabaki jepesi. Ndiyo maana kwenye lami kavu breki ya mbele hufanya kama robo tatu ya kazi ya kusimamisha, na ukikaza kisawasawa hufanya karibu yote. Anayetegemea mguu peke yake anaacha sehemu kubwa ya breki zake bila kuitumia, halafu lile tairi la nyuma, kwa wepesi wake, linafunga mapema, yaani linaacha kuzunguka, na kuanza kuserereka upande.

Kinachowaangusha watu ni kuikwapua breki ya mbele kwa ghafla. Dakika ile uzito haujafika mbele, tairi halijakandamizwa, na tayari limedaiwa nguvu zote. Linafunga. Gurudumu la mbele likishafunga halifuati usukani wala halikusaidii kubaki wima, na pikipiki hulala kabla hujawahi kufikiri. Kwa hiyo gusa kwanza, usikie pua ya pikipiki ikiinama, kisha endelea kukaza kadiri inavyoinama. ABS ipo kwa ajili ya siku utakayoshtuka, mkono ukafanya vingine.

ABS inafanyaje kazi hasa? Fundi wangu anasema ni kompyuta inayokushikia breki.

Ni kinyume chake: inakuachilia breki, kwa kipimo. Chuchumaa kando ya gurudumu la mbele utazame karibu na diski. Utaona pete nyembamba ya chuma yenye matundu au meno, na mbele yake kidude cheusi chenye waya, kimeachana na pete kwa nafasi ya kama milimita moja. Hiyo ndiyo sensa. Kila tundu likipita linatoa ishara, na kwa ishara hizo kompyuta inajua gurudumu linazunguka kwa kasi gani. Gurudumu likianza kupoteza mzunguko kwa haraka ambayo pikipiki yenyewe haiwezi kuifikia, maana yake linakaribia kufunga. Vali inapunguza presha ya mafuta kwenye kaliperi, kile kifaa kinachobana diski, gurudumu linazunguka tena, presha inarudishwa. Hayo yanajirudia mara kadhaa ndani ya sekunde moja.

Kwa mwendeshaji, mfumo unapofanya kazi huja kama mtetemo: breki inapigapiga vidole, au kanyagio linausukuma mguu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanadhani kitu kimevunjika, wanaachia. Usiachie. Endelea kubana kwa nguvu ileile mpaka usimame au hatari ipite, na macho yaelekee pale unapotaka kwenda, kwa sababu faida kubwa ya gurudumu linalozunguka ni kwamba bado linageuzika.

Wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1958 watafiti wa Uingereza walijaribu mfumo wa Maxaret wa kampuni ya Dunlop, uliobuniwa kwa ajili ya ndege, kwenye pikipiki ya Royal Enfield, lakini haukufika sokoni. Mwaka 1988 BMW ikaanza kuuza pikipiki za K100 zenye ABS ya kielektroniki, na vifaa vyake peke yake vilikuwa na uzito wa kilo 11. Leo vipo vifaa vya kazi hiyo visivyofika kilo moja, na ndiyo sababu hata pikipiki nyepesi zinaweza kuwa navyo.

Pikipiki yangu ni ya cc 125 na imeandikwa CBS. Ni sawa na ABS?

Hapana, na naomba usichanganye, kwa sababu anayechanganya anaweza kubana breki akiamini kuna kitu kitamwokoa kumbe hakuna. CBS ni breki zilizounganishwa: ukikanyaga breki ya nyuma, sehemu ya nguvu inakwenda mbele pia. Kwenye skuta mara nyingi ni breki ya mkono wa kushoto inayofanya hivyo. Breki ya mkono wa kulia kwa kawaida inabaki ya mbele peke yake. Moto Guzzi, kampuni ya pikipiki ya Italia, walikuwa na breki za namna hii tangu katikati ya miaka ya 1970: kanyagio lilishika diski ya nyuma na moja ya zile mbili za mbele.

Faida yake ni kwa yule yule mwenye woga wa breki ya mbele. Mguu wake unamfanyia kazi ambayo mkono umekataa. Lakini CBS ya kawaida haina sensa wala kompyuta, haijui kama tairi liko kwenye lami kavu au kwenye matope. Magurudumu yanaweza kufunga kama kawaida. Sheria za Umoja wa Ulaya zinaruhusu pikipiki zisizozidi cc 125 kuwa na CBS badala ya ABS. India nayo iliweka mgawanyo wa aina hiyo mwaka 2019. Kwa hiyo herufi hizo zipo kwenye pikipiki nyingi sana, na wengi wanaozipanda hawajaelezwa maana yake.

Mambo mawili ya kuangalia. Kama breki zako ni za ngoma na zimeunganishwa kwa kebo, kebo hiyo inalegea na kutaka kurekebishwa kama nyingine. Fundi akikaza breki ya nyuma peke yake bila kugusa ile ya muungano, CBS yako inaweza kubaki jina tu. Inua gurudumu la mbele, lizungushe kwa mkono, mtu mwingine akanyage breki: lisiposhikwa hata kanyagio likifika chini, rudi kwa fundi. La pili ni kugeuza pikipiki mahali pembamba kwa mwendo wa kutembea. Waliozoea kujizuia kwa breki ya nyuma wanapogeuza watakuta ya mbele nayo inashika kidogo huku usukani umekatwa, na hapo pikipiki inapenda kulala. Kanyaga kidogo sana, mengine mwachie klachi.

Je, nizime ABS nikiingia barabara ya changarawe?

Kama pikipiki yako ina swichi ya kuzima ya nyuma peke yake, unaweza, ukishajua unachofanya. Kwenye changarawe au mchanga, gurudumu lililofunga linakusanya rundo mbele yake na rundo hilo linasaidia kusimamisha. ABS inalizuia rundo lisijengeke, hivyo safari ya kusimama inarefuka, na kwenye mteremko utaona kama breki zimekataa. Jibu ni kupunguza mwendo mapema. Ya mbele iache iwake, maana kufunga gurudumu la mbele kwenye changarawe ni kuanguka. Na usichomoe fyuzi kama wengine wanavyoshauriana. Hapo unazima ya mbele na ya nyuma kwa pamoja.

Taa ya ABS haizimi. Naweza kuendelea kuiendesha?

Ukiwasha ufunguo lazima iwake, na izime ukishaanza kutembea. Ikibaki inawaka, breki za kawaida kwa kawaida zipo, ila ulinzi haupo: endesha kama mtu asiye na ABS hadi ufike kwa fundi. Kabla ya kukuuzia kompyuta mpya, aanze na vitu vya chini: tope kwenye sensa, pete iliyopinda wakati wa kubadilisha tairi, waya uliokatika, betri dhaifu. Tairi la saizi tofauti na iliyopangwa nalo linachanganya hesabu. Na kama ulizungusha gurudumu la nyuma pikipiki ikiwa juu ya stendi ya katikati, injini ikiwaka na gurudumu la mbele likiwa limetulia, taa inaweza kuwaka kwa sababu hiyo tu. Zima ufunguo, washa, tembea kidogo uone.

ABS itaniokoa nikikaza breki katikati ya kona?

Ya kawaida, usiitegemee. Tairi lina kiasi chake cha kushika barabara, na kwenye kona limekwisha kutumia sehemu yake kukushikilia usitoke nje. Kinachobaki kwa ajili ya breki ni kidogo, na ABS isiyojua kwamba umelala inaweza kuchelewa. Ipo ABS inayopima ulalo wa pikipiki. Kampuni ya Bosch waliitoa mwaka 2013 kwenye pikipiki ya KTM 1190 Adventure, na hiyo inapunguza presha kadiri ulivyolala. Ni msaada mkubwa sana. Kasi uliyoingia nayo kwenye kona, hata hivyo, umeichagua mwenyewe.

Mafuta ya breki yabadilishwe lini?

Fuata kitabu cha pikipiki. Watengenezaji wengi husema kila baada ya miaka 2, hata kama hukutembea sana. Mafuta haya yananyonya unyevu wa hewa. DOT 4, daraja mojawapo la mafuta ya breki, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, ila ikishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi 155. Usiweke DOT 5, ambayo ni ya silikoni, DOT 5.1 ni kitu kingine.

Shikamoo. Mwanangu ananunua pikipiki ya kwanza. Yenye ABS ina bei zaidi. Nimuongezee?

Marahaba. Muongezee, bila kusita. Taasisi ya IIHS ya Marekani, inayofanya utafiti wa usalama barabarani, imelinganisha pikipiki za aina moja zenye ABS na zisizo nayo, na zenye ABS zilikuwa na kiwango cha ajali za vifo kilicho chini kwa asilimia 22. Sijui kifaa kingine cha kwenye pikipiki chenye ushahidi mzito kiasi hicho. Ila uliza kama ABS hiyo ni ya magurudumu yote mawili au ya mbele tu, maana zote mbili zinauzwa kwa jina hilohilo. Akishaipata, mpeleke mahali pa wazi penye lami kavu, aanze na kilomita 20 kwa saa, abane breki zote mbili mpaka mfumo upige kwenye vidole, arudie mpaka mkono uache kushtuka.