Shangazi, wanataka niape uongo ili kaka atoke

Shangazi, kaka yangu amehukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Najua si yeye. Shahidi mmoja tu alidai alimtambua, tena usiku. Baba mdogo ameleta karatasi niape kwamba usiku ule kaka alilala kwetu Mbagala, wakati mimi nilikuwa zamu ya usiku kiwandani. Nikikataa wananiita msaliti. Mume naye amechoka na nauli za gereza la Ukonga. – Dada Mtu

Pole sana, mwanangu. Karatasi hiyo usiisaini. Jina lako liko kwenye daftari la zamu. Likifunguliwa, utakuwa na kesi yako ya kiapo cha uongo na kaka bado yuko ndani. Halafu rufaa si kesi kuanza upya. Jaji anasoma yaliyosemwa kwenye mahakama ya chini, ushahidi mpya hupokelewa kwa nadra mno. Kwa hiyo hata huo uongo wenyewe hauna pa kuingilia.

Hangaikia nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu za yote yaliyosemwa mahakamani. Soma pale shahidi anapoeleza alivyomtambua. Kulikuwa na mwanga gani, taa ya umeme au mbalamwezi? Alisimama umbali gani? Alimwona kwa muda gani, na walikuwa wanafahamiana? Alimtaja polisi mapema, au alimkumbuka baada ya kaka kukamatwa? Tangu kesi ya Waziri Amani ya 1980, Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu, usimtie mtu hatiani mpaka uwezekano wote wa kukosea uondolewe. Hoja ya kaka iko hapo, na ni ya kweli.

Ukienda Ukonga, muulize kama alisaini notisi ya kusudio la kukata rufaa. Ni siku 10 tangu hukumu, na rufaa yenyewe siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala. Vyote anaweza kuvipitisha kwa mkuu wa gereza. Akichelewa, anaiomba Mahakama Kuu imwongezee muda kwa sababu za msingi.

Hela ya wakili hamna? Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wanatoa msaada wa kisheria, TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, pia. Atakayekudaka nje ya mahakama akidai anajuana na jaji ni kishoka tu, msije mkauza kiwanja.

Mumeo simlaumu, nauli inauma. Pangeni zamu za kwenda kumwona na ndugu wachange, aanze huyo baba mdogo mwenye bidii ya karatasi.