Mailoma ikitoka nje ya mfupa: ninayomwambia kila anayeuguza

Ukishatajiwa mailoma, akili hukimbilia mifupa. Ni haki, maana saratani hii huanzia kwenye uboho, na maumivu ya mgongo ndiyo yaliyompeleka mama hospitali. Lakini chembe zake huweza kuhama zikafanya uvimbe kwenye ini, ngozi, tezi za limfu, hata utando wa mapafu. Eksirei ya mifupa haifanywi kwa kazi ya kuusaka uvimbe huo. Mfupa wenyewe hulazimika kuliwa karibu theluthi moja ndipo tundu lionekane kwenye eksirei.

Damu ya mama ilikuwa inatutia moyo, protini ya ugonjwa inashuka. Wakati huohuo alikuwa na kinundu kigumu chini ya ubavu, hakiumi, yeye akikiita jipu na kukisugua mafuta ya nazi. Daktari alipokigusa aliandika altrasaundi, sindano ya kutoa kinyama, kisha PET, picha ya mionzi ya mwili mzima. Uvimbe wa nje ya mfupa unaweza kukua huku damu imetulia. Kwa hiyo kinundu kipya kitajwe, hata majibu ya maabara yawe mazuri vipi.

Kwenye PET, maandalizi ndiyo huharibu kazi. Mgonjwa hudungwa sukari yenye mionzi kidogo, na chembe zinazoila kwa pupa hung'aa kwenye picha. Ndiyo maana hufungishwa kula kwa muda wa saa 6 hivi: maji matupu sawa, chai hapana, hata ya rangi, wala peremende. Mwenye kisukari aseme mapema, na anayemeza deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kutibu mailoma, pia, kwani hupandisha sukari. Ikiwa juu mno wataahirisha. Baada ya sindano hulala kimya kama saa moja, amejifunika. Misuli inayofanya kazi nayo hula sukari, kwa hiyo hata soga hairuhusiwi. Mama ni mtu wa Likoni, soga ndiyo maisha yake. Kwenye kunyamaza huko ndiko alikoteseka.

Taja pia maambukizi, chanjo ya karibuni na sindano za kuinua chembe nyeupe za damu. Vyote hivyo huweza kung'aa, na si saratani. Na kuna mailoma isiyong'aa kabisa, ndiyo maana PET haifuti kazi ya MRI, picha inayopigwa kwa sumaku. Miguu ikilegea ghafla au mkojo ukigoma, usisubiri miadi yoyote: ni dharura, huenda uti wa mgongo umebanwa, nao utazamwe kwa MRI. Kabla ya CT, eksirei ya tabaka kwa tabaka, inayopigwa kwa dawa ya mshipani, uliza kipimo cha figo ni cha lini. Mailoma huzionea sana figo.

Kutoka Mombasa, PET tuliifuata Nairobi. Aga Khan wanayo, na hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Pata idhini ya bima kwa maandishi kabla ya kukata tiketi ya treni ya SGR. Picha ya kufuatilia tiba ikirudiwa, ifanyike kwenye mashine ileile ikiwezekana, na ubebe CD ya zamani pamoja na ripoti, daktari alinganishe mwenyewe. Omba waifungue CD mbele yako kabla hujaondoka. Nyingine hutoka tupu.